Mnaopenda feng shui na vitu vya asili: jinsi mama yangu alivyoziba nyumba mpya ya kaka yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mama mzee wa Tetu, Nyeri. Akaunti hii nilifunguliwa na mjukuu wangu, na kwa kawaida nakaa kimya nasoma mnavyorushiana maneno. Leo nimeshindwa kunyamaza. Haya nitakayoandika yalitokea kwetu, niliyaona kwa macho yangu, na sijaongeza chumvi hata punje. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nimesoma ile posti ya dada aliyetufundisha feng shui, ule utaalamu wa Kichina wa kupanga nyumba. Kitanda kisitazamane na mlango. Kioo kisielekee kitandani. Usiweke mizigo chini ya kitanda. Mishumaa ya nta ya nyuki, vikapu vya mkonge, mikeka ya kusuka kwa mkono, sabuni ya kupika nyumbani. Comments zimejaa maua na mioyo.

Sina ubaya na hayo. Mama yangu alikuwa nayo yote, na neno feng shui hakuwahi kulisikia mpaka anaingia kaburini.

Kwake mlango haukutazamana na njia. Ukifagia jioni, taka unaziacha kwenye kona mpaka asubuhi, hutoi nje, usije ukatoa baraka pamoja nazo. Sakafu ilipakwa kinyesi cha ng'ombe na majivu mpaka ikawa laini kama kibuyu cha uji. Viondo, vile vikapu vyetu, alisuka mwenyewe, rangi alichemsha kwa magome ya miti. Mafuta ya mbarika alikamua mwenyewe. Mkiwa mnauziwa hayo leo kwa bei ya kuku watatu, mjue kwetu tulipakwa bure, na tulilia kwa sababu yananuka.

Lakini dada yetu aliandika mahali fulani kwamba nyumba nzuri ni ile "iliyofungika, yenye joto, isiyopoteza nguvu zake."

Hapo ndipo nilipoweka simu chini.

Kwa sababu nyumba iliyofungika kuliko zote nilizowahi kuingia ilikuwa ya kaka yangu. Na iliua watu wawili usiku wa kwanza.

Sasa nisikilizeni pole pole.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa nimeolewa Wamagana, nina mtoto mmoja. Baba alikufa zamani, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, kwa hiyo mama alitulea peke yake kule upande wa Giakanja. Tulimwita Maitu, yaani mama yetu, na mimi nitamwita hivyo hivyo hapa.

Kaka yangu mkubwa, Mathenge, alikuwa karani Nanyuki. Alivaa tai hata Jumamosi. Kahawa ilikuwa na bei nzuri miaka hiyo na kila mtu mwenye shamba alikuwa anajenga. Nyumba za udongo na nyasi zilianza kuonekana aibu. Mathenge akajenga ya mawe, mabati juu, siling ndani, madirisha ya vioo, sakafu ya simiti nyekundu. Watu walikuja kutoka makanisani kuitazama.

Mke wake aliitwa Nyawira. Msichana wa Mukurwe-ini, mcheshi sana, akicheka anashika mbavu. Nyumba ilipokaribia kuisha, Nyawira alijifungua mtoto wa kike.

Kwetu binti wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba. Kwa hiyo mtoto aliitwa Nyaguthii, jina la Maitu.

Kama wewe si Mkikuyu huenda usielewe uzito wa jambo hilo. Mtoto huyo si mjukuu tu. Ni wewe unarudi duniani. Maitu alikuwa amezika watoto, amezika mume, na sasa amejiona mikononi mwake akinyonya. Alikuwa akimwambia, "Wewe ni mimi, lakini wewe utavaa viatu."

Sasa, ilikuwa Julai. Mnaoishi Mombasa na Nairobi hamjui Julai ya Nyeri. Jua linaweza kupotea siku nyingi. Ukungu unalala kwenye kahawa mpaka adhuhuri, nguo haikauki, na mifupa inakuuma kama ya mzee hata ukiwa kijana.

Maitu aliingia kwenye nyumba mpya na mtoto mgongoni akatazama juu. Fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Upepo ulikuwa unapita hapo kwa mluzi.

"Mathenge," akasema, "hii nyumba yako iko na mashimo. Mtoto atashikwa na baridi ya kifua."

Kaka yangu akacheka. "Fundi alisema lazima ziwe, Maitu. Ati ni kanuni."

"Fundi ako na mtoto mchanga hapa?"



Nataka muelewe hili vizuri. Kwetu, mwanamke mzuri ni yule ambaye kabla ya baridi anazunguka nyumba yake na kuziba nyufa zote. Anachanganya udongo, kinyesi na majivu, anajaza kila ufa. Mwanamke ambaye nyumba yake inapitisha upepo ni mvivu na anasemwa. Maitu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Na nyumba yetu ya nyasi hata uizibe namna gani, moshi ulipenya kwenye paa ukaenda zake. Nyasi zinapumua zenyewe. Hakuna aliyehitaji kufikiria jambo hilo.

Basi Maitu akakaa chini akaanza kutengeneza vizibo. Alichukua maganda makavu ya mgomba, akayakunja na kuyafunga kwa kamba ya mkonge, akayasuka kwa nakshi kama za kiondo, kisha nyuma akapaka kinyesi na majivu na nta kidogo ili maji yasipite. Kila tundu na kizibo chake, kimepimwa, kinaingia bila kulegea hata kidogo.

Vilikuwa vizuri sana, siwezi kuwadanganya. Vingewekwa leo kwenye ukurasa wa yule dada, vingekwisha kabla ya saa sita.

Mathenge mwenyewe alipanda ngazi akavipachika, kimoja kimoja, huku Maitu akimwelekeza kutoka chini. Wageni wakapiga makofi. Majirani watatu wanne wakamwomba awatengenezee vya kwao, na alikubali hapo hapo kwa furaha.

Halafu kulikuwa na suala la moto.

Desturi ni kwamba nyumba mpya haiingiwi na moto wa kiberiti. Moto unatolewa nyumba ya mama na unaletwa na watoto wawili, mvulana na msichana, na ukishafika hauzimwi. Moto wa nyumba mpya ukizimika mapema, hiyo ni ishara mbaya kwa wenye nyumba.

Mathenge hakutaka mafiga matatu ndani ya nyumba yenye simiti nyekundu. Alisema kuta zitakuwa nyeusi. Walibishana kidogo. Kisha wakaelewana kwamba moto wa Maitu utawekwa kwenye jiko la makaa, ndani ya chumba cha Nyawira na mtoto. Maitu alikubali haraka, hata alifurahi, kwa sababu makaa hayana moshi.

Miaka yote alikuwa amepika macho yakimtoka machozi. Sisi tulijua adui wa nyumba ni moshi. Kitu kisicho na moshi kilikuwa zawadi.

Nilikuwepo siku hiyo. Niliona watoto wakileta makaa mekundu kwenye kigae, wakitembea taratibu, watu wamenyamaza. Nilimwona Maitu akimwaga makaa kwenye jiko na kumwambia Nyawira, "Usiache ilale. Ukiamka kunyonyesha, ongeza."

"Nitaongeza, Maitu," Nyawira akasema. "Hii nyumba itakuwa na joto mpaka tuanze kuliuza."

Tulicheka.

Wanaume walilala kwenye nyumba ya wanaume, Mathenge akiwa nao, maana mama mwenye mtoto mchanga hulala na mtoto wake. Maitu alirudi kwake. Alisema usiku wa kwanza ni wa mwenye nyumba, mama mkwe asikae akimtazama. Mimi nililala kwa Maitu na mtoto wangu.

Asubuhi tulipeleka uji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na chini yake kulikuwa na gunia limekunjwa. Tuliita. Mathenge akaja akavunja kioo cha dirisha.

Nyawira alikuwa amelala ubavu, mtoto kwenye titi. Mashavu yao yalikuwa mekundu, ya watu waliopata joto zuri. Kwa muda kidogo nilidhani wamelala.

Jiko lilikuwa bado na joto.

Sitaandika alivyolia Maitu. Kuna mambo hayaandikwi.

Polisi walikuja, maiti zikapelekwa Nyeri. Kule tulikutana na daktari, mtu wa kutoka Kisii, mpole. Alituita mimi na Mathenge kando, kwenye korido.

"Mlikuwa na jiko ndani?"

"Ndiyo," Mathenge akasema.

"Na hewa ilikuwa inatokea wapi?"

Nikajibu mimi. Nikamweleza vizibo.

Yule daktari alivua miwani akajifuta uso. "Makaa yanatoa hewa mbaya," alisema. "Haina harufu, haina rangi. Moshi ungewakohoza wangeamka. Hii inakulaza tu. Huku kwenu kwa baridi ninaona haya kila mwaka. Mwambieni mama na majirani wote. Nyumba ya mawe haipitishi hewa kama ya nyasi."

Tulitoka nje. Mathenge alikaa kwenye ngazi za hospitali na tai yake, akasema, "Maitu asijue."

Nilimwambia lazima ajue.

"Unataka kumuua pia? Yeye ndiye alileta moto. Yeye ndiye alisuka hizo vitu. Mtoto ni jina lake. Akijua atajinyonga, Wangeci. Mimi ndiye nimepoteza bibi na mtoto. Mimi ndiye naamua."

Na kwetu mwenye maiti ndiye mwenye kauli, tena ni kifungua mimba, na mimi ni binti niliyeolewa kwa watu. Tulibishana mpaka tukachoka. Mwishowe nilirudi Wamagana kwa mume wangu na hasira yangu tumboni.

Sasa angalieni kilichotokea watu wasipoambiwa ukweli. Watu hawakai na shimo. Watalijaza na kitu.

Wengine walisema Nyawira alirogwa kwa wivu. Wengine wakasema ni Mungu kuadhibu ushenzi wa kubeba moto. Lakini neno lililoshika ni la mzee mmoja wa ukoo wetu aliyezunguka ile nyumba mara moja, akasimama mlangoni, akasema mlango umekaa vibaya. Umeupa mlima kisogo. Nyumba iliyoipa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kisogo haiwezi kukalika.

Wakuu, hiyo ndiyo feng shui yenu, au siyo?

Mlango ukabomolewa. Fundi akaja akaziba pale, akatoboa ukuta wa upande ule mwingine, mlango ukaangalia mlima. Kondoo akachinjwa. Mchungaji naye akaja siku yake akaomba, ili kusiwe na upande uliokosewa. Na Mathenge, ambaye alijua, alisimama hapo mikono nyuma akitazama ukuta mzuri ukipigwa sururu.

Mpaka leo nikikumbuka hiyo nyumba yenye jeraha la simiti upande mmoja, nashikwa na hasira. Samahani. Siku zote nimekuwa mtu wa hasira.

Maitu aliamini habari ya mlango kwa moyo wote. Niliona ilivyomsaidia. Alikuwa na mahali pa kuweka uchungu wake. Alikuwa anasema, "Ni mlango ilikula Nyaguthii," na anaendelea kuchuma kahawa. Kaka yangu alikuwa ananitazama kama kusema, unaona?

Ndiyo, nilikuwa naona. Lakini nilikuwa naona pia matundu ya hewa ya majirani.

Mwaka uliofuata baridi iliporudi, nilienda kumwona Maitu. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, maganda ya mgomba mapajani, anasuka. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila yeye kuvitazama.

"Unatengeneza nini, Maitu?"

"Ni za Mama Kariuki. Kijana wake amemaliza nyumba. Ya mawe. Mlango inaangalia mlima, hiyo walihakikisha mapema." Alinionyesha kazi yake kwa fahari. "Bibi ya Kariuki amezaa juzi. Wanaingia Jumamosi. Wameniomba na moto, maana Mama Kariuki ako na moto ya gesi siku hizi."

Nilikaa chini kwenye nyasi.

Mathenge alikuwa Nanyuki. Simu haikuwepo. Hata ingekuwepo, ningemwambia nini? Kulikuwa na mtoto mchanga kule chini ya njia na mama yake, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Kwa upande mwingine kulikuwa na Maitu, ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza tangu msiba akisuka kitu kwa furaha.

Wakuu, kama kuna mtu humu anajua namna nzuri ya kumwambia mama yako jambo kama hilo, aniandikie. Mimi sikuijua. Nilimwambia tu.

Nilimwambia si mlango. Nilimweleza alivyosema yule daktari, neno kwa neno. Makaa. Hewa isiyo na harufu. Vizibo. Nilikuwa nalia huku nasema.

Yeye hakulia. Aliendelea kusuka kidogo, mishono kadhaa, kana kwamba mikono ilikuwa bado haijasikia. Kisha ikasimama.

"Mathenge anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

Akatazama kule kwenye nyumba ya mawe yenye jeraha ukutani. Nilikuwa namtazama shingo yake, sijui kwa nini, nilikuwa nangoja aanguke.

"Wakabomoa ukuta," akasema. "Na yeye akiwa hapo."

Halafu akaamka. Alijifunga kitambaa kichwani, akavaa gamubuti zake za mpira, akachukua gunia tupu la kahawa. Nilimwuliza anaenda wapi. Alisema, "Kwani kuna mahali ingine pa kwenda?"

Tulianza kwa Mama Kariuki. Maitu hakusalimu hata. Alisema, "Mama Kariuki, mimi ndiye niliua mtoto wangu. Si mlango. Ni hii kitu yangu, na moto. Usiweke makaa ndani kwa kijana wako. Usizibe hiyo mashimo."

Mama Kariuki alishika mdomo. Aliniangalia mimi, nikamwitikia kwa kichwa.

Kutoka hapo tukaenda kwa wale ambao aliwatengenezea mwaka uliopita. Nyumba baada ya nyumba. Maitu aliomba ngazi, na pasipo ngazi alipanda kwenye meza, mwanamke wa umri ule, akavuta vizibo kwa mikono yake na kuvitia kwenye gunia. Kila mlango alisema maneno yale yale. Hakuyapunguza makali hata mara moja. Nilimwambia, "Maitu, si lazima useme hivyo, sema tu ni hatari." Akasema, "Nikisema ni hatari watasikia kwa masikio. Nikisema nimeua watasikia."

Katika nyumba moja, mama wa hapo alituambia watoto wake walikuwa wanaamka na kichwa kinauma, wanatapika, kisha jua likitoka wanapona. Walidhani ni malaria. Walikuwa wamekunywa dawa za malaria msimu wote wa baridi.

Maitu alilazimika kushika ukuta.

Wakuu, fikirieni. Watoto wale walikuwa wakifa kidogo kidogo kila asubuhi, msimu mzima, huku kaka yangu akimhurumia mama yetu. Waliosema mficha maradhi kilio humfichua walijua wanachosema. Kwetu ilibaki kidogo tu tuwe na vilio vingi.

Jumapili kanisani alisimama wakati wa ushuhuda akarudia tena. Siku ya soko Giakanja akarudia tena, katikati ya wanawake wenye viazi na kabichi. Wengine walimshika mkono wakalia naye. Wengine waliondoa watoto wao njiani. Kuna walioacha kununua viondo vyake kabisa. Mama ya Nyawira, aliposikia, alikuja kutoka Mukurwe-ini, akasimama uani kwetu, hakuingia ndani. Akasema, "Kwa hivyo ni wewe," akaenda. Maitu hakujitetea.

Mathenge alikuja Jumamosi iliyofuata. Habari ilikuwa imemfikia njiani, nadhani pale Chaka, maana habari mbaya hazipandi gari, zinakimbia. Alikuja kwa hasira, akanifokea mimi kwanza.

Maitu akamwambia, "Wachana na yeye. Kaa chini."

Akakaa.

"Nilikuwa nakulinda, Maitu."

"Hapana. Ulikuwa unajilinda. Nani alipanda ngazi? Si ni wewe? Uliogopa nikijua yangu, utabaki na yako." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungeniambia ningelia. Ningelia mpaka nimalize. Lakini ningetoa hizo vitu kwa watoto ya watu. Wewe uliniacha nishukuru Mungu juu ya mlango."

Kaka yangu, mtu wa tai, aliinamisha kichwa kwenye magoti akalia kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza alimlilia Nyawira mbele yetu. Mazishini alikuwa ametazama tu.

Maitu hakumbembeleza. Alimwacha alie. Kisha alimpikia chai.

Baada ya hapo nitawaambia kwa ufupi. Maitu aliishi miaka mingi zaidi. Hakujinyonga, kama alivyoogopa kaka yangu. Lakini pia hakupata amani, nisiwadanganye kwamba ukweli ulimponya. Kila Julai alikuwa anatoka na gamubuti zake anazunguka kijiji chote, anatazama juu ya madirisha ya watu. Akiona tundu limezibwa, anabisha. Watoto walimcheka, walimpa jina, mama wa mashimo. Wakwe wapya waliofika hawakujua habari yenyewe, walidhani ni kichaa cha uzee.

Siku zake za mwisho, nilipokuwa namwosha, nilimwuliza kama amejisamehe. Alifikiri sana.

Akasema, "Nani atanisamehe? Yule ningemwomba alikuwa na jina langu."

Nilimalizia kumwosha.

Somo langu ni nini? Si kwamba vitu vya asili ni vibaya. Mimi bado natumia kiondo, plastiki yenu siitaki. Wala sisemi mila ni mbaya, maana moto ule uliwasha nyumba za kwetu vizazi na vizazi na hakuna aliyekufa. Nasema kitu kizuri kinakuwa kizuri mahali pake. Ukikihamisha kutoka nyumba ya nyasi kukipeleka nyumba ya mawe, uliza kwanza. "Asili" si dawa ya kila kitu. Hewa ya makaa nayo ni ya asili.

Na somo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Ukijua kilichoua, sema. Usimhurumie mtu mmoja mpaka uwazike wengine.

Dada wa feng shui, usinichukie. Kazi yako ya mikono ni nzuri, hata ile mishumaa nimeipenda. Lakini rudi kwenye ile posti ufute hilo neno la nyumba iliyofungika. Andika nyumba ipumue.

Na nyinyi wengine wa Nyeri, Nanyuki, Kieni, Karatina, na nyinyi wa Limuru na Kinangop mnaojifanya haiwahusu: baridi imefika. Najua kuna jiko limeingizwa chumbani kwa mtu anayesoma hapa. Najua kuna gunia chini ya mlango. Inuka utoe jiko nje, ufungue dirisha, utazame juu ya dirisha kama pana tundu na kama liko wazi.

Nenda sasa hivi. Ukirudi utaniandikia unachotaka, hata kama ni matusi, nitasoma yote.